Goti likiuma ukishuka mlima: mazoezi, vidonge, sindano au upasuaji?

Mtu anayeishi Kibosho, Marangu au Old Moshi hahitaji kuelezwa goti bovu likoje. Kupanda utapanda, taratibu. Kushuka ndiko kunakoumbua, na wengine hufika mahali wakashuka kinyumenyume huku wameshika migomba. Ukienda hospitali unaambiwa goti limesagika, au limeisha mafuta, unaandikiwa dawa, unarudi nyumbani na swali lile lile: sasa nifanye nini?

Majibu hayakosekani. Duka la dawa lina vidonge. Jirani alichomwa sindano na anasema alipona kabisa. Mtoto aliyeko Dar es Salaam anapiga simu kila Jumapili: mama, njoo ubadilishwe goti. Mtaalamu wa fiziotherapia naye anasema anza mazoezi, na mama anajiuliza mazoezi gani tena kwa mtu aliyeshika jembe tangu utotoni.

Hapa nimezipitisha njia hizi nne kwenye maswali yale yale. Uzito mkubwa nimeupa utafiti uliowafuatilia watu kwa miezi na miaka, kwa sababu goti lililosagika utakaa nalo muda mrefu, na nafuu ya wiki mbili haitoshi kukuonyesha njia.

Ugonjwa wenyewe kwanza

Kitaalamu unaitwa osteoathraitisi. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, hulika. Lakini haliishii hapo: mfupa ulio chini yake hubadilika, utando wa ndani huvimba, na misuli ya paja hulegea kwa sababu mtu ameanza kulionea goti huruma. Ndiyo maana hakuna mafuta ya kumiminia yakamaliza kazi. Tusiuchanganye na baridi yabisi, ambako kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe na dawa zake ni tofauti kabisa. Kama vidole vya mikono vinavimba na asubuhi vinakaza kwa zaidi ya saa moja, mweleze daktari hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Wenye tatizo hili ni wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na osteoathraitisi, na goti ndicho kiungo kinachoongoza, watu milioni 365. Wilayani Hai, watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow wameingia kwenye jamii kupima ukubwa wa magonjwa ya viungo, kwa hiyo hata huku kwetu suala hili limeanza kuhesabiwa.

Tafiti ndefu zaidi zimetoka mbali. Mji wa Framingham nchini Marekani umefuatiliwa kwa miongo mingi. Utafiti mwingine wa huko huko, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2004, uliwafuatilia washiriki 4,796 kwa picha na maswali mwaka hadi mwaka. Katika yote yaliyopatikana humo, matatu yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza, picha ya eksirei na maumivu haviendi sawa. Wapo wenye magoti mabaya kwenye picha wanaotembea bila shida, na wapo wanaolia wakati picha yao ni ya kawaida. Ukiambiwa "goti limekwisha" kwa kuangalia picha tu, usikate tamaa.

La pili, kutembea hakusagi goti. Watu 1,279 wa Framingham walifuatiliwa kwa takriban miaka tisa, na waliokuwa wakitembea au kukimbia kwa mazoezi hawakuugua magoti zaidi kuliko wenzao. Lililoonekana kuwa na hatari ni kazi: huko Framingham, wanaume ambao kazi zao zilichanganya kukunja magoti na kubeba au kuinua vitu walikuwa na hatari karibu mara mbili. Beijing nako, wazee waliosema walichuchumaa saa nyingi kila siku ujanani walionekana na magoti mabaya zaidi. Anayeshuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kisha akachuchumaa kukamua na kufua, hapo amejisikia akitajwa.

La tatu ni uzito, na nitalirudia kwenye mazoezi.

Maswali matano

Kila njia nimeiuliza: nafuu inakuja lini, inadumu kiasi gani, inaleta madhara gani, inadai nini kwako, na inamfaa nani.

Kuna jambo la kushika hapa. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Wengi tunatafuta dawa siku goti limezidi, na baada ya siku chache lingetulia hata bila kitu. Kwa hiyo chochote ulichotumia siku ile kitaonekana kimefanya kazi. Jirani aliyepona kwa sindano hasemi uongo, ila peke yake hawezi kujua angekuwaje bila sindano. Ndiyo sababu watafiti hugawa watu makundi mawili na kuwafuatilia wote.

1. Mazoezi na uzito

*Nafuu inakuja lini.* Polepole. Wiki mbili za mwanzo unaweza usione kitu, na wengi huachia hapo. Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili ndipo watu husema wameona tofauti.

*Inadumu kiasi gani.* Kadiri unavyoendelea. Ukiacha, faida inayeyuka kwa miezi, na hilo lisemwe wazi. Jaribio moja la North Carolina lilichukua watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti mabaya, likawafuatilia miezi 18. Waliounganisha mazoezi na lishe walipungua karibu kilo 10 na maumivu yao yakashuka kwa karibu nusu, zaidi kuliko waliofanya moja tu kati ya hayo mawili. Miaka kadhaa baada ya jaribio kwisha uzito ulikuwa umerudi kwa sehemu, lakini maumivu yalikuwa bado chini kuliko walivyoanza. Framingham nako, wanawake waliopungua takriban kilo 5 ndani ya miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Sababu inapimika: kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Hata hivyo, ushauri wa "punguza uzito" hugawiwa ovyo. Wazee wengi wa mlimani ni wembamba, wamelima maisha yao yote, na wakipungua zaidi kinachokwenda ni misuli. Wao wanahitaji nguvu ya paja na chakula cha kutosha, maharage, mayai, maziwa. Ushauri wa kilo unamhusu zaidi anayekaa ofisini au dukani Moshi mjini au Arusha, anayerudi kwa bodaboda na kula chipsi usiku.

*Madhara.* Machache sana. Misuli kuuma siku za mwanzo, basi. Kanuni inayotumika Denmark kwenye mpango wao wa mazoezi ya magoti, ulioanza 2013, ni rahisi: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa mradi kesho yake goti limerudi lilivyokuwa. Likibaki limeuma zaidi, punguza, usiache.

*Inadai nini.* Muda na moyo wa kurudia. Zoezi lenye faida kubwa halihitaji hata shilingi. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, nyayo zote chini, zimeachana kwa upana wa mabega. Kunja mikono kifuani. Egemea mbele mpaka pua ipite juu ya magoti, simama, kisha rudi kukaa ukihesabu moja, mbili, tatu, bila kujitupa. Ukishindwa, shika meza. Fanya mara kumi, pumzika, rudia, siku tatu kwa wiki. Kule kukaa polepole ndiko kunakofundisha misuli ya mbele ya paja kazi ya kushuka mlima, kwa kuwa ndiyo breki ya mwili ukiteremka. Breki ikiwa dhaifu, mshtuko wote unaingia gotini.

Ni vizuri kuanza na mtaalamu hata kwa ziara chache. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ina idara ya fiziotherapia na hufundisha wataalamu wa fani hiyo. Muulize pia habari ya mkongojo: unashikwa mkono wa upande wa goti zima, na wengi tunaushika upande usio sahihi.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, hata anayesubiri upasuaji. Haimtoshi ambaye usiku halali kwa maumivu. Huyo asaidiwe kwanza maumivu yapungue ndipo aweze kufanya zoezi lolote.

2. Vidonge na dawa za kupaka

*Nafuu inakuja lini.* Saa chache kwa kidonge kama diklofenaki au ibuprofeni. Jeli ya kupaka huchukua siku kadhaa.

*Inadumu kiasi gani.* Mpaka dozi iishe. Dawa hizi hazibadilishi mwendo wa ugonjwa. Parasetamoli, tunayoikimbilia kwa kuwa ni rahisi, imeonekana kusaidia kidogo tu kwenye goti. Jeli ya diklofenaki ina ushahidi wa kuridhisha: ilipotumiwa kwa wiki 6 hadi 12, karibu watu 60 kati ya 100 walipata nafuu ya angalau nusu ya maumivu, na waliopakwa jeli isiyo na dawa walikuwa 50. Tofauti si kubwa, lakini ni ya kweli, na dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge.

*Madhara.* Hapa ndipo roho inaniuma. Mama anafika dukani. "Shikamoo mama, zile za siku zote?" "Marahaba mwanangu, nipe za wiki." Anafungiwa, anaondoka. Hakuna aliyeuliza kama ana presha, kama amewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kama figo zake ziko salama. Diklofenaki ya kila siku inaweza kutoboa tumbo bila dalili ya mapema, kupandisha presha, kuharibu figo na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa mzee anayetumia pia dawa za presha na zile za kukojoa, figo zinabanwa kutoka pande tatu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo.

*Inadai nini.* Pesa kidogo kila wiki, isiyoisha. Na nidhamu: dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, baada ya chakula, na kipimo cha presha na figo kama matumizi yanaendelea.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku mbaya za hapa na pale, au anayehitaji wiki chache za kutulizwa ili aanze mazoezi. Jeli inamfaa mzee kuliko kidonge. Kidonge cha kila siku hakimfai mwenye figo dhaifu, ugonjwa wa moyo au historia ya vidonda vya tumbo.

3. Sindano ndani ya goti

Uliza kwanza: "Daktari, ni dawa gani mnaniwekea?" Sindano ya kwenye kalio mara nyingi ni diklofenaki ile ile, kwa hiyo rudi juu ukasome upya. Ninayoizungumzia ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, inayochomwa ndani ya goti lenyewe.

*Nafuu inakuja lini.* Siku chache, na kwa goti lililovimba inaweza kuwa nafuu kubwa hasa.

*Inadumu kiasi gani.* Kwa kawaida wiki kadhaa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 156 wa hospitali za jeshi la Marekani, nusu wakipata sindano na nusu fiziotherapia. Wote walianza na alama za maumivu na ugumu zipatazo 108 kati ya 240. Mwaka mmoja baadaye wa sindano walikuwa 55.8 na wa fiziotherapia 37.0. Ona kwamba hata wa sindano walipata nafuu. Ila waliofundishwa kutumia goti walikwenda mbele zaidi.

*Madhara.* Sindano moja mara chache huleta shida. Kurudiarudia ndiko kwenye swali. Boston, watu 140 walichomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, wengine steroidi, wengine maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana, na waliopata steroidi walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, milimita 0.21 dhidi ya 0.10. Mwenye kisukari ajue sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Anayetarajia goti bandia ndani ya miezi mitatu asichomwe, kwa sababu ya hatari ya maambukizi.

*Inadai nini.* Safari moja, daktari mzoefu, usafi mkali.

*Inamfaa nani.* Mwenye goti lililofura na kuuma ghafla, au mwenye jambo lisiloahirishika. Atumie wiki zile za nafuu kujenga paja.

Ile sindano inayoitwa ya kuongeza uteute ni nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliokusanya majaribio 169 ulikuta nafuu yake ni ndogo mno kwa mgonjwa kuihisi. Kwa bei yake, mimi nisingeuza mbuzi kwa ajili hiyo.

4. Goti bandia

*Nafuu inakuja lini.* Unasimamishwa mapema, mara nyingi siku inayofuata, lakini miezi ya mwanzo ni ya kuvumilia. Faida kamili huonekana baada ya miezi sita hadi mwaka.

*Inadumu kiasi gani.* Hapa ndipo njia hii inapoziacha nyingine. Rekodi za kitaifa za Australia na Finland zinaonyesha kuwa magoti bandia kamili kama 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Jaribio la Denmark lililochapishwa 2015 liligawa watu 100: wote walipata mazoezi, elimu na dawa, na nusu wakaongezewa upasuaji. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa na nafuu karibu mara mbili. Lakini katika kundi lisilopasuliwa, karibu robo tatu waliumaliza mwaka bila kuhitaji kisu.

*Madhara.* Katika jaribio hilo matukio mabaya makubwa yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa na 6 kwa wengine: kuganda kwa damu, maambukizi, goti kukaza. Takriban mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika. Umri una uzito pia: takwimu za Uingereza zinaonyesha mwanamume anayebadilishwa goti akiwa na miaka hamsini na kidogo ana uwezekano wa asilimia 35 hivi wa kurudiwa upasuaji maishani, wakati aliyepita 70 ana asilimia 5.

*Inadai nini.* Pesa nyingi, au bima iliyokubali kwa maandishi kabla ya siku. Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa ya MOI. Kwa kaskazini anza kuuliza idara ya mifupa ya KCMC. Nyumbani anahitajika mtu wa kuchota maji na kupika kwa wiki kadhaa. Na choo. Goti bandia kwa kawaida halikunjiki hadi kuchuchumaa, kwa hiyo choo cha shimo kitahitaji kiti juu yake, na fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kabla mgonjwa hajatoka wodini. Anayepiga magoti kanisani huenda akalazimika kubaki amekaa. Haya yazungumzwe na familia nzima mapema.

*Inamfaa nani.* Aliyefanya mazoezi kwa dhati kwa miezi, akajaribu dawa, na bado usingizi hauji na mwendo wa kwenda dukani umekuwa safari.

Vinavyouzwa pembeni

Glukosamini: jaribio la Marekani la watu 1,583, lililochapishwa 2006, halikuikuta ikizidi kidonge kisicho na dawa kwa wagonjwa kwa ujumla. Kusafisha goti kwa kamera: jaribio la mwaka 2002 lilichana ngozi ya baadhi ya wagonjwa bila kufanya chochote ndani, na walipata nafuu sawa na waliosafishwa. Kopo au unga wa "dawa ya asili" unaoondoa maumivu siku ile ile, uogope. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya virutubisho vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni (aina ya steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kuchua kwa mafuta ya moto hakudhuru, na kama kunakupa raha, endelea.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Kama goti limeanza karibuni, linauma ukishuka na ukisimama kutoka kwenye kigoda, anza na zoezi la kiti na jeli. Jipe wiki kumi na mbili kabla ya kuhukumu. Majani ya ng'ombe yashuke kwa mafungu madogo au kwa toroli.

Kama una uzito mkubwa na kazi ya kukaa, unganisha mazoezi na chakula. Soda na chipsi za usiku ndizo za kwanza kuondoka.

Kama una presha, kisukari au figo dhaifu, vidonge vya kila siku viweke mbali. Paka jeli, fanya mazoezi, na sindano iwe kwa makubaliano na daktari anayefuatilia sukari yako.

Kama goti limefura na huwezi hata kuanza, sindano moja inaweza kukufungulia njia. Weka miadi ya fiziotherapia siku hiyo hiyo unayochomwa, kabla nafuu haijakusahaulisha.

Kama una miaka hamsini na kitu na unafikiria goti bandia, vuta muda kadiri unavyoweza ukijenga paja. Kama umepita 70 na hulali, usiogope kulizungumza. Kungoja mpaka usiweze kabisa kusimama hufanya kupona kuwe kugumu zaidi.

Na kama goti limepata joto, jekundu, una homa, au limejifunga ghafla baada ya kuanguka, hakuna cha kuchagua hapa. Nenda hospitali leo.